KAZI HUBADILIKA: TUJITAYARISHE MAPEMA

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama wa tawi, Mombasa, kwa niaba ya wenzetu waliopunguzwa kazi. Yachapishwa hapa kwa ombi la wanachama ambao hawakuweza kufika.)



Wengi wenu mwatujua. Tulikaa pamoja nanyi katika viti hivi hivi, tukalipa ada ya chama pamoja nanyi, tukala mahamri na mbaazi pamoja nanyi langoni kabla ya shifti ya asubuhi. Mwaka wa 2019 tulipunguzwa kazi. Tulikuwa watu zaidi ya thelathini katika yadi moja ya makontena hapa Mombasa: madereva wa foklifti, makarani wa kuhesabu mizigo, wapakizi, walinzi, na mama mmoja wa kantini. Jina la kampuni hatulitaji, kwa kuwa hatukuja hapa kumlaumu mtu. Tumekuja kuwaambia ninyi ambao bado mna kazi yale ambayo sisi hatukuambiwa na mtu wakati tulipokuwa na kazi.

Neno letu kubwa ni hili: kazi ya pili hutafutwa wakati kazi ya kwanza bado iko mkononi. Anayengoja mpaka barua ifike amechelewa, nasi ni mashahidi wa jambo hilo.

JINSI ILIVYOTUKUTA

Ndugu wanachama, msidhani kwamba jambo lile lilitushukia kama radi. Dalili zilikuwako, na macho tulikuwa nayo, lakini hatukutaka kuona.

Mwisho wa Mei 2017 treni mpya ya SGR ilianza kuchukua abiria kati ya Mombasa na Nairobi. Mwanzo wa 2018 ikaanza kuchukua makontena mpaka Embakasi. Sisi tulikuwa tukiiona ikipita, tukasema, "Hiyo ni kazi ya watu wa reli, sisi kazi yetu ni yadi." Hatukukaa chini tukaulizana: je, kontena likipakiwa katika treni bandarini, likashushwa Embakasi, ni nani atakayelileta yadini kwetu?

Kisha dalili zikaingia ndani ya yadi yenyewe. Kwanza ovataimu ilikatwa. Tulinung'unika wiki moja, tukazoea. Halafu shifti ya usiku ikaondolewa. Foklifti moja ikaharibika, ikaegeshwa kando ya ukuta, wala hakuna fundi aliyeitwa. Msimamizi mmoja akaacha kazi, na mahali pake hapakuwekwa mtu. Vijana wapya walipoandikwa, walipewa kondrati za miezi mitatu mitatu tu. Mambo yote hayo yalitokea katika muda wa mwaka mmoja na nusu. Mtu akituuliza leo tulikuwa tukifanya nini muda huo wote, jibu letu ni kwamba tulikuwa tukibishana habari ya mpira.

Mwezi wa Agosti 2019 ikatoka amri kwamba mizigo ya kutoka ng'ambo inayokwenda Nairobi na kupita huko isafirishwe kwa treni. Watu wa Mombasa waliandamana, nasi tuliandamana pamoja nao. Lakini mwaka ule haukwisha kabla sisi hatujapewa barua zetu. Ilikuwa siku ya Ijumaa. Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja, na kila mtu alipewa ya kwake akatia sahihi katika daftari.

Mwezi wa Septemba 2022 Rais mpya alitangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zirudishwe Mombasa. Tulifurahi sana siku ile. Tulikwenda kuitazama yadi yetu, tukakuta lango limefungwa kwa mnyororo na majani yameota mahali pa kuegesha. Basi tukajifunza kwamba amri yaweza kugeuzwa, lakini kazi iliyokwisha kuondoka si lazima irudi pamoja nayo.

SI SISI WA KWANZA

Wazee wa mji huu wanajua kwamba bandari ya Kilindini ilijengwa kwa migongo ya watu. Gunia moja la kahawa ni kilo 60, na makuli walibeba magunia hayo kutwa nzima, kutoka ghalani mpaka ubavuni mwa meli. Watu hao hawakuwa wanyonge. Mwezi wa Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa waligoma, mji mzima ukasimama. Mwaka wa 1955 makuli wa bandari waligoma tena, Tom Mboya akaja kusaidia katika mapatano, na mishahara ikaongezwa. Ule ulikuwa ushindi wa kweli, na chama hiki kinakula matunda yake mpaka leo.

Lakini sikilizeni lililotokea upande wa pili wa dunia. Tarehe 26 Aprili 1956, yaani mwaka mmoja tu baada ya mgomo ule, meli iitwayo Ideal X ilitoka Newark kwenda Houston, huko Marekani, ikiwa imebeba makasha 58 ya chuma. Mwenye meli hiyo, Malcom McLean, alikuwa tajiri wa malori. Watu wake wakapiga hesabu. Kupakia tani moja ya mizigo kwa mikono ya watu kuligharimu karibu dola 6, na kupakia tani hiyo hiyo ndani ya kasha kuligharimu kama senti 16 za dola. Kuli wa Kilindini aliyekuwa akishangilia nyongeza ya mshahara wake hakujua habari ya meli hiyo. Hata hivyo, hesabu ile ndiyo iliyokuja kuamua kazi ya wanawe.

Kule London gati za zamani zilifungwa moja baada ya moja: East India Dock mwaka wa 1967, St Katharine mwaka wa 1968, na Royal Docks mwaka wa 1981. Hapa kwetu nako makontena yalikuja, na mwaka wa 2016 kikafunguliwa kituo cha pili cha makontena. Kazi iliyohitaji kikosi kizima cha makuli sasa hufanywa na dereva mmoja wa kreni aliyekaa juu ndani ya kioo.

Wala jambo hili si la bandari peke yake. Ndugu zetu wa mashamba ya chai huko Kericho wamepigana na mashine za kuchuma majani kwa miaka mingi. Waligoma kwa ajili yake mwaka wa 2010, na mwezi wa Mei 2023 mashine kadhaa zilichomwa moto. Twaelewa uchungu wao. Lakini moto ule haukurudisha kikapu hata kimoja mgongoni mwa mchumaji.

Tunasema haya si kwa kuwatia hofu. Tunasema ili mjue kwamba kazi kubadilika ni jambo la kawaida, na ya kwenu nayo yaweza kubadilika kama ilivyobadilika ya wengine.

FEDHA ZA KUPUNGUZWA: HESABU YAKE

Wengi hujipa moyo wakisema, "Nikipunguzwa nitalipwa." Kweli, sheria iko. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, yasema kwamba tajiri akitaka kupunguza watu yampasa kukipa chama na ofisi ya kazi taarifa si chini ya mwezi mmoja kabla, akieleza sababu. Katika kuchagua nani aondoke, yampasa kutazama muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mtu. Yampasa kulipa kwa fedha siku za likizo ambazo hazijatumika, na kutoa notisi ya mwezi mmoja au mshahara wa mwezi mmoja badala yake. Tena yampasa kulipa mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka kamili wa utumishi. Jifunzeni kifungu hicho. Sisi tulikijua baada ya kutia sahihi, na wengine wetu walikuwa wamekwisha kubali fedha pungufu.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Mtu mwenye mshahara wa shilingi 24,000 kwa mwezi, tukihesabu mwezi kuwa siku 30, siku moja yake ni shilingi 800. Akiwa ametumikia miaka 10, siku 15 mara 10 ni siku 150. Siku 150 mara shilingi 800 ni shilingi 120,000. Fedha nyingi hizo! Lakini nyumba yake yatumia shilingi 20,000 kila mwezi kwa kodi, chakula, maji, nauli na karo. Basi hizo ni fedha za miezi sita. Na ikiwa alikuwa na deni la shilingi 50,000 katika chama cha akiba na mikopo, likikatwa, hubakiwa na 70,000, yaani miezi mitatu na nusu. Miaka kumi ya jasho kwa miezi mitatu na nusu! Wala hatujahesabu shemeji aliyekuja kukopa baada ya kusikia kwamba umelipwa.

Msitegemee NSSF pia kwa siku hiyo. Zile ni fedha za uzeeni, na kijana hapewi kwa sababu amepunguzwa kazi. Ila hakikisheni kwamba zinazokatwa katika mshahara zinafikishwa kweli. Mmoja wetu aliuliza akakuta miezi mingi haikulipwa, na wakati huo kampuni ilikuwa imefunga ofisi. Kadhalika bima ya afya. Tangu Oktoba 2024 SHA ndiyo iliyochukua mahali pa NHIF, na mtu asiye na tajiri wa kumkatia hana budi kujilipia mwenyewe. Tieni jambo hilo katika hesabu zenu, kwa maana ugonjwa haungoji mtu apate kazi mpya.

MAMBO YATUPASAYO

Sasa twaja kwenye mashauri. Haya hatukuyasoma kitabuni. Kila moja limetugharimu.

La kwanza, someni dalili. Kila miezi sita jiulizeni: mizigo inayopita mikononi mwetu inazidi au inapungua? Tajiri ananunua vyombo vipya au anaacha vya zamani vife? Watu wanaoacha kazi wanawekewa badala? Kuna mashine au kompyuta mahali pengine inayofanya kazi kama yangu? Mkulima hutazama mawingu kabla ya kuanika mahindi yake. Nasi tutazame yetu.

La pili, wekeni akiba kabla ya haja. Shilingi 50 kwa siku, kwa siku 25 za kazi, ni shilingi 1,250 kwa mwezi, na kwa mwaka ni shilingi 15,000. Kwa miaka minne ni shilingi 60,000, yaani miezi mitatu ya nyumba ile tuliyoitaja. Twajua mishahara ni midogo. Twajua pia kwamba zipo shilingi 50 zinazokwenda katika mambo ambayo mtu akiulizwa jioni hayakumbuki. Tena mkiona dalili tulizozitaja, msichukue mkopo mpya wa kununulia televisheni. Lipeni kwanza wa zamani.

La tatu, hesabuni ujuzi wenu. Mwenzetu mmoja karani, tulipopunguzwa, alikaa nyumbani akisema, "Mimi sijui kitu ila kuhesabu makontena." Siku moja tukakaa naye na karatasi. Tukamwuliza, "Kutwa nzima ulikuwa ukifanya nini?" Akaanza kutaja. Alikuwa akisoma namba ya kontena, zile herufi nne na tarakimu saba, bila kukosea hata moja. Alikuwa akilinganisha hati ya shehena na mzigo wenyewe. Alikuwa akiandika ripoti ya mzigo ulioharibika, akiingiza hesabu katika kompyuta, na akisema na madereva wenye hasira pasipo kugombana nao. Tulipomaliza, karatasi ilikuwa imejaa. Tukamwambia, "Hizo zote ni kazi za mtunza stoo." Leo ni mtunza stoo katika ghala la dawa, na mshahara wake si mdogo kuliko ule wa zamani. Ujuzi alikuwa nao siku zote, ila hakujua jina lake jingine.

La nne, tafuteni karatasi mkiwa bado kazini. Dereva wetu mmoja aliendesha foklifti miaka 14. Angeweza kulipitisha kasha katikati ya makasha mawili ukadhani amepima kwa kamba. Lakini kila mahali alipokwenda aliulizwa, "Cheti kiko wapi?" Hakuwa nacho. Alijifunza kwa kutazama, kama wengi wenu. Ilimbidi atumie fedha zake za kupunguzwa kwa masomo na mtihani, miezi ile ile ambayo watoto walihitaji karo. Lau angalifanya hivyo akiwa kazini, angalitumia fedha za mshahara, na pengine tajiri angalimlipia.

Ndugu, jaribio la ufundi la serikali liko wazi kwa mtu aliyejifunza kazini. Huanza daraja la tatu, likapanda la pili, hata la kwanza, chini ya mamlaka ya mafunzo ya viwanda, NITA, ambayo ina kituo hapa hapa Mombasa. Fundi wa kuchomelea, fundi wa umeme, fundi wa magari, mshonaji, wote waweza kwenda. Na jueni jambo hili: kila tajiri hutakiwa kulipa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanya kazi wake, ziwe fedha za mafunzo, na akiwapeleka watu wake kujifunza aweza kuomba kurudishiwa gharama. Fedha hizo hutolewa kwa ajili yenu. Je, ni wangapi humu ukumbini ambao wamepelekwa kujifunza lo lote?

Wekeni pia karatasi nyingine nyumbani: barua ya kuandikwa kazi, hati za mshahara, barua za kupandishwa cheo. Na siku ya kuondoka dai cheti cha utumishi. Tajiri hakupi kwa hisani. Sheria yamlazimu.

La tano, jaribuni kabla ya kuruka. Tulipolipwa, watatu kati yetu walinunua tuktuk katika mwezi mmoja. Hawakuulizana, wala hawakukaa hata siku moja stejini kuhesabu abiria. Kumbe kila mtu aliyepunguzwa kazi mjini alikuwa na wazo lile lile. Tuktuk zikawa nyingi kuliko abiria. Mwaka haukwisha, mbili zikawa zimeuzwa kwa hasara. Ya tatu ingali barabarani, kwa sababu mwenyewe alikuwa ameifanyia kazi ya dereva wa mtu kila Jumapili muda wa miezi minane kabla hajanunua yake, akajua njia zenye watu na saa zake.

Mtazameni tena yule mama wa kantini. Mwaka mzima kabla ya barua alikuwa akipika maharagwe na chapati jioni mbele ya nyumba yake Changamwe. Tulimcheka tukimwambia ana tamaa ya fedha. Barua ilipofika, yeye alipanua jiko lake tu. Katika watu wote wa yadi ile, ndiye peke yake ambaye hakulala na njaa hata usiku mmoja. Na wengine wetu waliomcheka wamekula kwake kwa mkopo.

Lakini tahadharini na upande wa pili. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Kuna kijana aliyesikia habari hizi akaacha kazi yake ya kudumu siku ya pili, akakimbilia biashara aliyosimuliwa na rafiki yake. Kujitayarisha si kuacha kazi. Fanya kazi yako vizuri, pokea mshahara wako, na kwa saa chache za wiki jenga mlango wa pili.

La sita, semeni na watu wa nyumbani. Hili ndilo gumu kuliko yote kulitaja. Mmoja wetu, naye yumo humu ukumbini na ametupa ruhusa, alipopata barua hakumwambia mkewe. Kila asubuhi alivaa yunifomu, akatoka saa kumi na mbili, akaenda kukaa bustanini mpaka jioni. Alifanya hivyo wiki tatu. Mkewe alipata habari kwa jirani, sokoni, mbele ya watu. Bibi yule hakukasirika kwa sababu ya kazi. Alisema, "Kumbe wiki tatu nimenunua samaki kwa fedha ambazo ningaliziweka." Basi msiwafiche. Ninyi mabwana, wakeni ndio wanaojua hesabu ya nyumba kuliko ninyi. Na ninyi akina mama wafanya kazi, waambieni waume zenu na watoto wakubwa. Mzigo ukiwa wa watu wawili hupungua uzito.

KAZI YA CHAMA

Kuna wanaosema, "Mkizungumza habari za kujitayarisha kwa kazi nyingine mnawafungulia matajiri mlango wa kutufukuza. Kazi ya chama ni kulinda kazi, si kuagana nayo." Twawaheshimu wasemao hivyo, nasi zamani tulikuwa miongoni mwao. Lakini twawauliza: mfanya kazi asiye na mahali pengine pa kwenda anaweza kukataa nini? Yule mwenye cheti na akiba ndiye awezaye kusimama mbele ya tajiri bila kutetemeka. Mgomo wa watu wenye akiba hudumu. Kwa hiyo kujitayarisha kunakipa chama nguvu.

Tena chama chaweza kusema kabla mashine haijafika. Makuli wa pwani ya magharibi ya Marekani, chini ya kiongozi wao Harry Bridges, waliona makasha yanakuja. Hawakungoja. Mwaka wa 1960 walitia sahihi mapatano: matajiri waruhusiwe kuleta mashine, lakini watoe dola milioni 5 kila mwaka katika mfuko wa wafanya kazi. Wazee waliotaka kustaafu mapema walilipwa, na watu wa daraja la kwanza walihakikishiwa kwamba hawatafukuzwa kwa ajili ya mashine. Mapatano hayo yalikuwa na kasoro, maana wale wa daraja la pili, ambao ni kama vibarua wetu, hawakupata ulinzi ule ule. Tuchukue mafunzo yote mawili. Tuzungumze mapema, na tusiwasahau vibarua.

Bwana Mwenyekiti, twajua kwamba mapatano ya tawi hili na matajiri yatafunguliwa upya mwaka huu. Twaomba mkutano huu uwaagize wajumbe wake kudai mambo manne zaidi ya mshahara.

Kwanza, tajiri akitaka kuleta mashine au kuhamisha kazi, akiarifu chama miezi sita kabla, wala si mwezi mmoja tu.

Pili, kila mfanya kazi aliyetumikia miaka mitatu apewe nafasi ya kwenda kujifunza na kufanya jaribio la ufundi, na tajiri atumie haki yake ya kurudishiwa gharama.

Tatu, siku za kulipwa kwa kila mwaka wa utumishi zizidi zile 15 za sheria. Sheria imeweka chini kabisa, haikuzuia kupanda.

Nne, nafasi mpya ikitokea, waliopunguzwa waitwe kwanza kabla ya wageni. Hili hatulidai kwa ajili yetu sisi, maana yadi yetu imekufa. Twalidai kwa ajili yenu.

Na chama chenyewe kiweke daftari ofisini, kila mwanachama aandikwe ujuzi wake wote na vyeti vyake vyote. Kazi ikisikika mahali, Katibu ajue amwite nani.

MWISHO

Ndugu wanachama, sisi hatukuja hapa kama watu walioshinda. Wengine wetu wamepata kazi nzuri kuliko ya zamani. Wengine wamerudi kwao bara na mashambani. Mzee mmoja, mlinzi wa lango letu, alifariki akiwa bado anangoja kulipwa sehemu ya fedha zake. Twamkumbuka kila tunapokutana. Yeye ndiye aliyekuwa akitufungulia lango kila asubuhi, akisema, "Ingieni, kazi yawangoja."

Kazi haitungoji siku zote. Kesho asubuhi mkifika kazini, tazameni huku na huku. Hesabuni vyombo vinavyofanya kazi na vile vilivyoegeshwa ukutani. Jioni mkirudi nyumbani, chukueni karatasi na kalamu, kaeni na watu wenu, andikeni: tunatumia kiasi gani, tunadaiwa kiasi gani, najua kazi gani, nina karatasi gani, na ninakosa ipi. Hiyo ni kazi ya saa moja. Sisi hatukuifanya saa hiyo, nasi tumeilipa kwa miaka.

Umoja wetu udumu.

Ni sisi wenzenu wa yadi iliyofungwa.